Nyota za mchezo na nyota za mganga



Jumamosi moja ya kiangazi tulikuwa Ipagala kwa kazi za kichungaji, tukitembelea jumuiya ndogo ndogo kama tufanyavyo kila mwisho wa juma. Baada ya sala na kushirikishana Neno, mama mmoja alitusubiri karibu na lango akiwa na kaunta buku alilolifunika kwa khanga. Tulimwamkia, akaitikia upesi upesi, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mafrateri wangu, nisaidieni. Mwanangu ameingia Frimasoni."

Tulilifungua daftari palepale. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara saba zilizochorwa kwa bikari, moja ndani ya nyingine, na katikati yake Dunia. Kila duara lilikuwa na alama ngeni na jina: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Kurasa zilizofuata zilikuwa na ramani za nchi zisizokuwapo, orodha ya madini, jedwali la saa za mchana na usiku, na majina ya watu yaliyowekewa alama za nguvu, akili na bahati. Mama aliomba lichomwe moto. Mmoja wetu alikuwa tayari kukubali. Alisema afadhali kujuta kwa kuchoma karatasi kuliko kujuta kwa kupoteza roho. Wengine tuliomba tupewe wiki moja, ili kwanza tukutane na wenye daftari.

Tunaandika makala haya kueleza kwa nini mwishowe tulilirudisha daftari lile likiwa zima. Tunaamini pia kwamba katika jambo hili wengi wetu tunaziogopa nyota zisizo na madhara, na kuzinyamazia zile zinazovunja nyumba za waamini wetu.

Daftari lilikuwa la nini

Vijana walikuwa watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Wawili kati yao ni wanakwaya. Walikuja wakiwa na hofu, wakidhani wameitwa kuhukumiwa. Tulipowaambia watufundishe tu namna ya kucheza, nyuso zilifunguka.

Ulikuwa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Michezo ya namna hii ilianza kujulikana mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Mchezaji mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama jaribio limefaulu. Hakuna ubao wala mshindi wa mwisho. Kinachobaki ni hadithi waliyoitunga pamoja. Miaka ya 1980 wazazi wengi Wakristo wa Marekani waliuogopa mchezo huo kama mlango wa shetani, kwa hiyo mama yetu wa Ipagala si wa kwanza.

Vijana hawa hawakuwa na fedha ya kununua kitabu cha ng'ambo. Walisoma kidogo kidogo kwenye simu, wakatengeneza wa kwao. Dunia yao ina dola saba, kila moja chini ya sayari yake. Watu wa Mirihi ni wahunzi na askari, na madini yao ni chuma. Watu wa Utaridi ni wachuuzi na matarishi, wanabeba barua na habari, na madini yao ni zebaki. Wa Zuhura wana shaba na nyimbo. Wa Zohali wanaishi kwenye uwanda mkavu wenye mibuyu, ni wazee wa kauli chache wanaolinda visima, na madini yao ni risasi. Tulicheka tulipoiona nchi ya Zohali, kwa sababu yeyote aliyekaa Dodoma mwezi wa Oktoba angeitambua.

Tuliwauliza walikoyatoa haya yote. Majina ya sayari waliyajua tangu shule ya msingi. Yaliyobaki, walisema, "ni mambo ya zamani ya Ulaya." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya pili inatuhusu zaidi.

Mbingu za kale zilivyotufikia

Picha ya duara saba inatokana na Wagiriki, hasa Ptolemayo wa Aleksandria ya Misri, aliyeishi karne ya 2. Wataalamu wa Baghdad waliitafsiri kwa Kiarabu na kuiendeleza, na ni kutoka Kiarabu kwamba Ulaya ya Kikatoliki iliipata kwa wingi katika karne ya 12, hasa kupitia Toledo nchini Hispania. Huko Gerard wa Cremona alitafsiri kwa Kilatini kitabu kikuu cha Ptolemayo kiitwacho Almagest, kazi inayohesabiwa kukamilika mwaka 1175. Maarifa hayohayo yaliyopanda kwenda Ulaya kupitia Hispania yalishuka pia na jahazi hadi pwani yetu. Ndiyo maana tunasema Zuhura, Mirihi na Mshtarii: ni majina ya Kiarabu, yaliyokuja pamoja na elimu ya falaki. Kijana wa Ipagala anayeandika Zohali kwenye daftari hajaazima kitu cha Wazungu. Anatumia neno lililomo katika lugha yake, lililotoka kwenye chemchemi ileile waliyokunywa walimu wa Paris.

Jedwali la saa lilitushangaza zaidi. Katika elimu ile ya kale kila saa ina sayari inayoitawala. Unazipanga kuanzia iliyo mbali: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, kisha unarudia. Siku inachukua jina la sayari inayotawala saa yake ya kwanza. Kwa kuwa siku ina saa 24 na sayari ni 7, kila siku mpya inaruka sayari mbili na kuangukia ya tatu. Baada ya siku ya Jua inakuja ya Mwezi, kisha ya Mirihi, ya Utaridi, ya Mshtarii, ya Zuhura, na mwisho ya Zohali. Hivyo ndivyo Warumi walivyopata majina ya siku za juma, na Kiingereza bado kinaita Jumapili siku ya Jua, Jumatatu siku ya Mwezi na Jumamosi siku ya Zohali.

Saa hizo zilihesabiwa kuanzia macheo, kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku. Kwa maneno mengine, saa ya kwanza ya wanajimu ni saa yetu moja asubuhi. Mwingereza anayetaka kucheza mchezo huu lazima aibadilishe saa yake kichwani. Mswahili anatazama saa ya ukutani na kuendelea. Tena hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, wakati Ulaya saa hizo zilirefuka na kufupika kwa majira. Ni hesabu ileile iliyomo katika sala za Kanisa: Sala ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa zinaitwa hivyo katika Kilatini na katika Kiswahili bila kugeuza kitu, na kila Mkristo anajua kwamba Bwana wetu alikata roho saa tisa.

Lugha yetu ina jambo jingine la kuliangalia. Siku zetu hazikuitwa kwa sayari. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ni ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, kisha Alhamisi na Ijumaa kutoka Kiarabu. Kanisa nalo katika Kilatini chake lilikataa kuziita siku kwa miungu ya Warumi, likazihesabu: feria secunda, feria tertia. Wareno wanahesabu hivyo hadi leo. Mwafrika wa pwani na Mkristo wa kale, kila mmoja kwa njia yake, waliishia kuhesabu siku kwa tarakimu bila kuzikabidhi kwa nyota.

Kanisa lilizuia nini

Baadhi ya waamini wanadhani Kanisa la Karne za Kati lilikataa kila neno kuhusu nguvu za sayari. Halikufanya hivyo. Lilifanya kazi ngumu zaidi, yaani kupambanua.

Mtakatifu Augustino, ambaye ujanani aliwasikiliza wanajimu, alikuja kuwapinga kwa hoja ambayo hata mtoto anaielewa. Katika Maungamo, kitabu cha saba, anaeleza habari za rafiki yake Firminus. Alizaliwa saa ileile na mtoto wa mtumwa katika nyumba ya rafiki wa baba yake, na wazazi waliopenda unajimu walihakikisha muda kwa makini. Nyota zilikuwa zilezile, lakini mmoja alipanda ngazi za heshima na mwingine akabaki mtumwa. Augustino anakumbusha pia Esau na Yakobo, mapacha wa tumbo moja wenye maisha yaliyoachana kabisa.

Mwaka 1277 Étienne Tempier, askofu wa Paris, alilaani hoja 219 zilizokuwa zikijadiliwa chuoni, na miongoni mwake zilikuwamo zile zilizosema kwamba utashi wa mwanadamu uko chini ya nguvu za mbinguni. Hapo ndipo mstari ulipochorwa, kwenye utashi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anayejulikana kwa kila frateri, alikuwa ameshauchora mstari huo kwa utulivu (Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 115, kipengele cha 4). Kama wataalamu wote wa zama zake, alikubali kwamba miili ya mbinguni inagusa miili ya duniani: joto, unyevu, majira, na kwa njia hiyo hata hasira na tamaa zilizomo mwilini mwetu. Lakini akili na utashi si mwili, kwa hiyo nyota haiwezi kuvitawala. Inaweza kuuelekeza mwili, na mtu akabaki na uwezo wa kukataa. Tomaso anakiri pia kwamba wanajimu wakati mwingine wanapatia, na anatoa sababu: watu wengi hufuata tamaa zao bila kuzipinga, hivyo ni rahisi kuwatabiri. Mwenye hekima, anayetawala tamaa zake, hatabiriki hivyo.

Dante, mshairi wa Florence, alizichukua mbingu hizo saba akazifanya ngazi ya Paradiso yake. Alimweka Tomaso mwenyewe katika mbingu ya Jua pamoja na wenye hekima, mashujaa wa imani katika Mirihi, watawala wenye haki katika Mshtarii, na watawa wa tafakuri katika Zohali. Lakini kabla hajafika huko, karibu katikati kabisa ya utenzi wake, katika wimbo wa 16 wa Toharani, anamfanya Marco Lombardo aeleze kwamba kama mbingu ndizo zingekuwa zinaamua kila kitu, kusingekuwa na haki yoyote katika kumlipa mwema furaha na mwovu huzuni. Dante aliweza kuzipamba mbingu atakavyo kwa sababu alikuwa ameshaulinda uhuru wa mwanadamu.

Mwandishi Mwanglikana C. S. Lewis alifuata njia hiyohiyo. Aliyefundisha fasihi ya Karne za Kati maisha yake yote aliandika The Discarded Image, kitabu kilichotoka mwaka 1964 baada ya kifo chake, kuueleza ulimwengu wa duara saba ambao sayansi imeuacha lakini mawazo ya binadamu bado yanaupenda. Mwaka 2008 Michael Ward alitoa kitabu akidai kwamba riwaya saba za Narnia za Lewis zimefichwa humo sayari saba, moja kwa kila riwaya. Watengenezaji wa michezo hawakubaki nyuma. Mwaka 1989 Dungeons & Dragons ilipata ulimwengu wake wa Spelljammer, ambamo kila jua na sayari zake zimezungukwa na tufe la kioo, kama wasomi wa kale walivyoziwaza mbingu.

Kwa hiyo swali letu kwa vijana wa Ipagala lilikuwa moja tu: katika mchezo wenu, nyota inaamua?

Msichana mdogo kuliko wote alifungua ukurasa wa nne na kutuonyesha kanuni iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Saa ya sayari yako ikifika, sayari inakuvuta kwenye tabia yake: wa Mirihi anavutwa kupigana, wa Utaridi kudanganya, wa Zohali kukata tamaa. Ukifuata, unaongezewa alama. Ukikataa, unapoteza alama, lakini unafanya unachotaka. Tulimuuliza nani aliwafundisha hayo. Alisema hakuna. Mwanzoni, alieleza, sayari ndiyo ilikuwa inaamua, na mchezo ukawachosha siku ya pili. "Frateri, kama nyota ndiyo inaamua, sasa sisi tunacheza nini?"

Tulitazamana. Mtoto huyo hajawahi kumsikia Marco Lombardo, lakini hoja yake ni ileile.

Nyota iliyouzwa

Tungekuwa tumeishia hapo kama si mzee mmoja wa jumuiya aliyekaa kimya mazungumzo yote. Tulipokuwa tunaaga alitusindikiza hadi barabarani, akatuomba tumsikilize. Ametukubalia tuandike, bila kumtaja.

Binti yake amemaliza chuo na hajapata kazi. Kwenye nguzo ya umeme mzee aliona tangazo la "mtaalamu" anayesafisha nyota, lenye namba ya simu. Alipiga. Aliambiwa nyota ya binti inang'aa sana lakini imefunikwa. Alituma fedha kwa simu ili ifunuliwe. Mara ya pili aliambiwa aliyeifunika ni mtu wa karibu. Mara ya tatu aliuza mbuzi wawili, na safari hii aliambiwa ni mwanamke wa ukoo, mfupi, anayependa kuja nyumbani jioni. Mzee hakuhitaji jina. Dada yake hajakanyaga nyumba hiyo tangu siku hiyo, na binti bado hana kazi.

Hakuna aliyelibandua tangazo lile kwenye nguzo ili litupwe kwenye moto wa jumuiya. Moto ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya daftari la watoto.

Tusidhani huu ni udhaifu wa watu wa kijijini. Mwaka 1348, tauni ilipokuwa inaangamiza Ulaya, kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Paris, kilichokuwa kitovu cha elimu ya Ukristo, kilieleza kwamba chanzo ni kukutana kwa Zohali, Mshtarii na Mirihi mwaka 1345. Maelezo hayo hayakumponya mgonjwa hata mmoja. Nao watu waliotaka mtu wa kumlaumu hapa chini waliwasingizia Wayahudi, wakawachoma moto katika miji mingi, hadi Papa Klementi VI akalazimika kutoa hati za kuwatetea, akikumbusha kwamba Wayahudi nao walikuwa wanakufa kwa tauni hiyohiyo. Mtu akishaamini kwamba maisha yake yamefungwa na nguvu asiyoiona, hatua inayofuata ni kumtafuta jirani aliyeifunga.

Hapa Tanzania tunalijua neno lake: ramli chonganishi. Tunawakumbuka vikongwe waliouawa kwa macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo kwa sababu mganga aliahidi utajiri, hadi Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wa namna hiyo. Utabiri wa nyota umezoeleka kwetu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa maarufu Afrika Mashariki nzima kwa utabiri wake, na Wakristo walimfuatilia sawa na Waislamu. Tusiwatupie Waislamu mzigo huu. Ndani ya Uislamu kwenyewe wako wanazuoni wakubwa waliopinga unajimu, na Ibn Khaldun katika karne ya 14 aliandika kwa urefu kuukanusha.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza waziwazi kutafuta bahati katika nyota, kupiga ramli na kuwaendea watabiri. Sababu inayotolewa ni nzito: mambo haya yanaficha tamaa ya kuutawala wakati, historia na watu wengine, na yanapingana na heshima tunayomwia Mungu peke yake. Ukiipima kwa kipimo hicho simu ya mzee yule, inaanguka. Ukilipima daftari la vijana, hakuna aliyetafuta kujua kesho yake humo, wala kumwendesha jirani.

Pingamizi la mwenzetu

Yule mwenzetu aliyetaka daftari lichomwe hakushawishika upesi, na hoja yake inastahili kusikilizwa. Alisema hivi: Narnia iliandikwa Uingereza, mahali ambapo Zohali imebaki neno la vitabuni. Hapa Ipagala nyota ni biashara hai, na mteja wake anakaa benchi moja nasi kanisani. Mtume Paulo (1 Kor 8) alijua kwamba nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu, lakini alikuwa tayari kuiacha kabisa ili asimkwaze ndugu dhaifu. Je, kijana anayecheza na sayari Jumamosi hatajikuta anapiga namba ya kwenye nguzo Jumatatu?

Tumekubali sehemu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba jambo lililokwisha kufa kwingine linaweza kuwa hai hapa, na mchezo lazima ulijue hilo. Kwa sababu hiyo tuliwaomba vijana waondoe vitu viwili. Kimoja kilikuwa michoro ya talasimu waliyoinakili mtandaoni bila kujua maana yake, ya kile cha pili ni kipengele cha kuita majini kwa majina. Mambo hayo hapa kwetu watu wanayafanya kweli, na mdogo wao wa miaka minane akiona kaka yake anayatamka kwa mzaha hatajua mzaha unaishia wapi. Waliyafuta bila ubishi.

Lakini sehemu nyingine hatukuikubali. Ndugu dhaifu katika jambo hili, ukimtafuta, ni baba yake kijana zaidi kuliko kijana. Na yule mzee hakuponzwa na mchezo wowote wala hadithi yoyote. Aliponzwa na kutokuwa na mtu wa kumweleza uchungu wake wa binti asiye na kazi, akampata wa kwenye nguzo. Kinyume chake, kijana aliyekwisha kuketi mezani miezi sita akichagua, saa baada ya saa, kuikataa sayari yake kwa hasara ya alama, amefanya zoezi ambalo sisi tunalifundisha darasani kwa maneno matupu. Atakapoambiwa kwa simu kwamba nyota yake imefungwa, ana swali la kuuliza.

Tunachopendekeza

Kwanza, tuwasikilize vijana kabla ya kuwasha kiberiti. Neno "Frimasoni" limekuwa kapu la kutupia kila tusichokielewa, na kijana anayehukumiwa mara moja kwa kosa ambalo si lake hatarudi kutueleza lililo lake.

Pili, wanaobuni michezo na hadithi kutokana na mbingu za kale, na wapo wengi kuliko tunavyodhani, washike kanuni ile ya kalamu nyekundu. Sayari na iwe na tabia, rangi, madini na wimbo. Na ivute kwa nguvu, maana majaribu yasiyovuta si majaribu. Lakini mlango wa kukataa ubaki wazi daima, hata kama una gharama. Waangalie pia juu ya paa zao wenyewe. Anga ya Dodoma wakati wa kiangazi ni safi kiasi kwamba taa za mji tu ndizo zinazoishinda, na juu yake kuna hazina ambayo hakuna mchezo wa Marekani umeigusa.

Tatu, kwenye jumuiya na mimbarini tuseme wazi kuhusu kusafisha nyota. Tuseme bila kumwaibisha aliyekwisha kwenda, kwa maana wengi wamekwenda kwa ajili ya uchungu na si kwa uovu. Tuwaambie kwamba mlango wa Kitubio uko wazi, na kwamba shangazi aliyesingiziwa anadaiwa kuombwa msamaha. Papa Benedikto XVI katika Spe Salvi, namba 5, anamkumbuka Mtakatifu Gregori wa Nazianzo aliyesema kwamba Mamajusi walipomsujudia Kristo unajimu ulifika mwisho, kwa sababu tangu hapo nyota zinafuata njia aliyoiweka Kristo. Anayetawala ulimwengu si vitu vya angani bali ni Mungu aliye nafsi, anayetupenda. Hilo ndilo la kumwambia mzee wa mbuzi wawili: binti yake hana kifuniko chochote juu ya kichwa chake. Ana shida ya ajira, na ana Baba.

Kilimia

Jioni tuliyorudisha daftari tulikaa kidogo nje na mama na vijana. Msichana wa kalamu nyekundu alitaka kujua kama nyota zina faida yoyote basi, ikiwa haziamui kitu. Tulimwambia habari za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho mwezi wa Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, wakati wakulima wa huku wanapotengeneza mashamba na kutazama mawingu. Jina lake linatoka katika kulima. Wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Tena wafasiri wa Biblia walipofika mahali Mungu anapomuuliza Ayubu kama anaweza kuzifunga nyota hizo (Ayubu 38:31), hawakutafuta neno la kigeni. Waliandika Kilimia.

Kilimia hakileti mvua, na hakuna mkulima wa Dodoma anayekituma fedha. Kinamwambia mtu saa ngapi katika mwaka, kisha kinamwacha ashike jembe mwenyewe. Kitabu cha Mwanzo kinasema mianga iliwekwa angani kwa ajili ya majira, siku na miaka. Ni kazi ya kengele ya parokia: inalia, na wewe unaamka au unageukia upande wa pili.

Mama alilichukua daftari, akalifuta vumbi kwa pindo la khanga, akampa mwanawe. Kisha akauliza kama katika mchezo huo kuna nafasi ya mtu wa sita.